Jaji wa hadithi fupi mno: mwongozo kamili wa kuamua shindano la kirafiki mtandaoni

Mtu akiombwa kuwa jaji wa shindano la hadithi za maneno 300 au 500 kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, mara nyingi hutumiwa rundo la hadithi na kuambiwa: "Soma, utuambie nani kashinda." Akikubali hivyo hivyo, litamkuta moja kati ya matatu. Atampa ushindi mtu anayemfahamu, au hadithi aliyoisoma mwishomwisho, au hadithi isiyo na kosa lolote na isiyo na uhai wowote. Jaji ana haki ya kuwa na hadithi aliyoipenda. Shindano la kirafiki lipo kwa ajili hiyo. Hatua zilizoelezwa hapa zinahakikisha kwamba kilichopendwa ni hadithi yenyewe.

Mwongozo unachukulia hadithi 20 hivi, majaji watatu, na mratibu mmoja ambaye si jaji wala mshiriki. Kundi likiwa dogo zaidi, punguza hesabu, ila mratibu asikosekane.

Masharti yanayompunguzia jaji kazi

Ugomvi mwingi wa siku ya matokeo huzaliwa siku ya tangazo. Anza na urefu. Mashindano ya Kiingereza yanayojulikana hutofautiana: Bath Flash Fiction Award ya Uingereza huishia maneno 300, Bridport Prize 250, na Furious Fiction ya Australia 500. Usiyanakili mafungu hayo bila kufikiri, kwa sababu Kiswahili hubeba mzigo mkubwa ndani ya neno moja. "Hatutawaambia" ni neno moja lenye mtenda, wakati, ukanushi na mtendewa. Maneno 300 ya Kiswahili yanatosha kabisa kwa tukio lenye mwanzo na mwisho. Kwa kundi linaloanza, 300 ni kipimo kizuri. 500 iwe ndiyo dari.

Tajeni pia chombo cha kuhesabia. Google Docs, Microsoft Word na tovuti za kuhesabu maneno hazikubaliani kila mara, hasa panapokuwa na vistari, mikwaju kama "baba/mama", au ritifaa katika maneno kama ng'ombe. Chagueni kimoja, mseme kwamba kichwa cha hadithi hakihesabiwi, na hesabu ya mratibu ndiyo ya mwisho. Halafu kuna jambo la tahajia ambalo huvuruga hesabu bila mtu kukusudia: anayeandika "ali po fika" amehesabiwa maneno matatu, na anayeandika "kwasababu" amejipatia neno moja la bure. Mratibu asirekebishe, wala asihesabu upya kwa kichwa chake. Chombo kikisema 304, ni 304.

Je, aliyezidisha maneno manne atolewe? Hadithi ikifika kabla ya muda kwisha, mrudishie aipunguze. Ikifika dakika za mwisho, isomwe na ipewe maoni, lakini isipangwe kwenye nafasi. Sharti la "unaruhusiwa kuzidi kwa asilimia 10" lisiwepo kabisa. Ukiliweka, 330 inakuwa ndiyo kikomo kipya, na mwezi ujao mtu ataleta 340.

Muda wa mwisho nao uandikwe kwa namna isiyoweza kusomwa mara mbili. "Jumapili saa 12" ni tangazo bovu: wengine wataelewa jioni, wengine adhuhuri, wengine usiku wa manane. Andika "Jumapili saa 5:59 usiku, yaani 23:59, saa za Afrika Mashariki". Wakati huo Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ni saa 4:59 usiku, na Muscat tayari ni Jumatatu, saa 6:59 usiku. Kama kundi lina watu wa huko, watajieni saa zao. Epuka pia "usiku wa kuamkia Jumatatu" bila tarehe.

Mambo mawili zaidi yaingie kwenye masharti. La kwanza, hadithi iwe ya mshiriki mwenyewe na isiwe imewahi kuchapishwa. Hapa mwambieni mshiriki ukweli: hadithi ikibandikwa mahali pa wazi mtandaoni, mashindano mengine yanaweza kuihesabu kuwa imeshachapishwa. Commonwealth Short Story Prize, ambayo hupokea hadithi za Kiswahili za maneno 2,000 hadi 5,000, hutaka kazi isiyochapishwa. Anayepanga kuirefusha hadithi yake na kuipeleka huko atashukuru mkifanyia shindano ndani ya kundi lililofungwa. La pili, semeni wazi kama akili mnemba (AI) inaruhusiwa, na kwa kiasi gani: kusahihisha tahajia ni jambo moja, kuandikiwa hadithi ni jingine. Programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine si za kutegemewa. Msimtoe mtu kwa sababu ya asilimia iliyotolewa na programu. Mkiwa na shaka, mratibu amwombe mwandishi rasimu ya awali, au maelezo mafupi ya jinsi alivyofikia mwisho wa hadithi. Mwandishi wa kweli huwa na mengi ya kusema kuhusu sentensi alizozifuta.

Kuficha majina, na namna yanavyovuja

Hadithi zitumwe kwa mratibu peke yake, kwa ujumbe wa faragha au kwa fomu. Mratibu anakili kila hadithi na kuibandika kama maandishi matupu kwenye waraka mmoja mpya: mwandiko mmoja, ukubwa mmoja, bila rangi wala emoji. Kazi hii ya nusu saa ina sababu. Faili la mtu hubeba jina lake mahali zaidi ya pamoja: kwenye jina la faili lenyewe, kwenye sifa za waraka wa Word, na kwenye historia ya matoleo ya Google Docs. Kumpelekea jaji mafaili asilia, hata baada ya kufuta jina juu ya ukurasa, ni kujidanganya.

Kila hadithi ipewe namba ya bahati nasibu ya tarakimu mbili, kwa mfano 47, 12, 83. Usitumie 1 hadi 20 kwa mpangilio wa kuwasili. Watu hukumbuka nani alijigamba kundini kwamba ametuma wa kwanza, na namba 1 ina harufu ya ushindi hata kabla ya kusomwa. Orodha ya namba na majina ibaki kwa mratibu. Nakala moja aihifadhi mtu wa pili asiyeshiriki, maana simu huibiwa.

Hata hivyo, kwenye kundi la watu 30 wanaosomana kila wiki, jaji atamtambua mtu kwa sauti yake. Hilo halizuiliki, lakini lina utaratibu. Akitambua hadithi ya ndugu, mchumba, mwanafunzi wake au mtu waliyegombana, amjulishe mratibu na kuacha nafasi hiyo wazi kwenye jedwali. Wazi maana yake wazi, isijazwe sifuri. Fomula ya AVERAGE kwenye Google Sheets na Excel huruka kisanduku kitupu lakini huihesabu sifuri kama alama. Hadithi iliyopata 5 na 4 kwa majaji wawili ina wastani wa 4.5, ukiweka sifuri kwa jaji aliyejitoa, wastani unaanguka hadi 3, na mwandishi ameadhibiwa kwa kufahamiana na mtu.

Kulinganisha macho kabla ya kazi

Majaji watatu wanatosha. Watano ni bora kama wanapatikana. Wawili ni balaa, kwa sababu kila tofauti inageuka kuwa mvutano. Ikiwezekana wasitoke sehemu moja. Jaji wa Unguja, wa Nairobi na wa Bukavu hawasikii Kiswahili kimoja, na tofauti hiyo italinda hadithi ambayo jaji mmoja angeiona "ina makosa".

Siku mbili kabla, mratibu awape hadithi mbili za mazoezi zisizohusika na shindano. Kila jaji atoe alama peke yake, kisha wazungumze kwa dakika 20. Haihitajiki kwamba wakubaliane. Kinachotafutwa ni kugundua mapema kwamba mmoja wao hutoa 85 kwa kazi ya kawaida na mwingine hutoa 55 kwa kazi ileile, na kwamba mmoja haoni kabisa jambo ambalo mwingine analiona kuwa ndiyo roho ya hadithi.

Wakishaanza kazi halisi, wasizungumze tena mpaka kila mmoja awe amekabidhi orodha yake. Jaji mwenye jina kubwa akisema mapema "ile 47 ni moto", wengine wameshapotea.

Kusoma mara tatu

Hadithi 20 za maneno 500 ni maneno 10,000. Kwa mwendo wa utulivu wa maneno 150 kwa dakika, huo ni usomaji wa saa moja na dakika chache. Kwa hiyo hakuna kisingizio cha kusoma mara moja tu. Kinachochukua muda ni maoni: ukitumia dakika 10 kwa kila hadithi, ni saa 3 na dakika 20. Jipangie siku nne au tano, usisubiri usiku wa kuamkia matokeo.

Usomaji wa kwanza ni wa msomaji tu. Simu kando, kalamu kando. Soma hadithi saba, pumzika, soma saba nyingine. Kila jaji aanze mahali tofauti kwenye orodha: mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini. Jicho huchoka, na hadithi ya kumi na nane hulipia uchovu ulioletwa na kumi na saba zilizotangulia. Ukimaliza kila hadithi, weka alama moja tu: ndiyo, labda, au hapana. Usifikiri sana.

Kesho yake, kabla ya kufungua waraka, chukua karatasi na andika unachokikumbuka kwa kila hadithi, mstari mmoja. Hapa ndipo hadithi fupi mno inapopimwa kweli. Nyingine hutaikumbuka kabisa, ingawa jana uliipa "ndiyo" kwa sababu ya lugha laini. Nyingine uliyoipa "labda" itakuwa imekaa kichwani tangu alfajiri: mtu fulani, tendo fulani, kitu fulani juu ya meza. Weka karatasi hiyo. Haitoi alama, lakini ndiyo ushahidi wako wa kile ulichokipenda.

Usomaji wa pili ni wa kalamu, na hufanywa kwa hadithi zote, zikiwemo zile za "hapana". Hadithi moja au mbili hupanda daraja hapa, kwa kawaida zile ambazo mwisho wake unabadilisha maana ya mwanzo, na jana uliziharakisha. Kwenye usomaji huu pia tafuta wizi: chagua sentensi moja isiyo ya kawaida, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google, uone kama inatokea kwingine. Visa vinavyozunguka WhatsApp kwa miaka havikosi kuletwa kama vipya. Mara nyingi aliyekileta hakujua kwamba kubadili majina ya wahusika hakukifanyi kiwe chake.

Usomaji wa tatu ni kwa sauti, na ni kwa zile sita au saba zilizobaki tu. Ulimi utajikwaa mahali ambapo jicho liliruka: mazungumzo ambayo hakuna mtu angeyasema, sentensi ndefu iliyopoteza mtenda, neno la kamusi lililochomekwa kwa ajili ya jaji.

Unachokitafuta

Kipimo cha kwanza na kikubwa kuliko vyote: je, hadithi imekwisha? Wasomaji wetu wa mtandaoni wamelelewa na hadithi za mfululizo, zile zinazoishia mlango ukigongwa na ahadi ya sehemu ya pili. Washiriki wengi huleta tabia hiyo shindanoni. Hadithi inayokata pumzi mahali patamu na kuacha kila kitu hewani ni sura ya kwanza ya kitu kingine, na haistahili nafasi ya juu hata ikiwa imeandikwa kwa ustadi. Tofautisha na mwisho ulioachwa wazi kwa makusudi. Kwenye mwisho wazi, jambo limeshabadilika na msomaji anaachiwa kulipima. Kwenye mwisho uliokatwa, jambo lenyewe halijatokea.

Kosa la upande wa pili ni hadithi iliyokwisha halafu ikaendelea kuhutubia. Chukua mfano wa mama anayeuza cherehani ili kulipa ada ya mtoto. Rasimu nyingi zitafunga hivi: "Ndipo nilipojua kwamba upendo wa mama hauna kipimo." Sentensi moja kabla ya hapo huenda ilikuwa: "Asubuhi, palipokuwa na cherehani, palibaki alama nne za miguu yake sakafuni." Mwisho wa kweli ulikuwa pale, na mwandishi ameupita. Jaji asimwadhibu mno kwa hilo, kwa sababu ngano tulizosimuliwa zilikuwa na funzo mwishoni na si aibu kulibeba. Ila ikitokea hadithi mbili zinalingana, inayomwamini msomaji ipite mbele. Na kwenye maoni, mwonyeshe mwandishi mstari wenyewe ambapo angesimama.

Kuna pia mwisho wa kushtukiza: kumbe ilikuwa ndoto, kumbe msimulizi ni marehemu, kumbe wachumba ni ndugu. Jaribio lake ni rahisi. Rudi mwanzo usome tena huku ukijua siri. Kama hadithi sasa ina utamu mpya, kama kila dokezo lilikuwepo na wewe hukuliona, basi mshtuko umelipiwa. Kama usomaji wa pili hauna kitu kwa sababu kila kitu kilikuwa kimesimamia siri hiyo moja, umeona kiini macho tu. Ndoto hushindwa jaribio hili karibu kila mara.

Tazama idadi ya watu na mahali. Maneno 300 hubeba wahusika wawili vizuri, watatu kwa shida. Majina matano kwenye aya ya kwanza ni dalili kwamba mwandishi anafupisha riwaya. Dalili nyingine ni msururu wa vitendo vya -ka-: akaamka, akanawa, akavaa, akatoka, akapanda daladala. Kiswahili kinaruhusu matukio matano kwa maneno machache, na ndiyo maana ni mtego: mwandishi anajiona amesimulia mengi kumbe hajasimama popote. Tafuta mahali hadithi inapotulia, ambapo unauona mkono, unaisikia sauti, unanusa kitu. Isipokuwa na hata pahali pamoja pa namna hiyo, huo ni muhtasari.

Kichwa hupuuzwa sana, na hakihesabiwi kwenye maneno. Mwandishi mjanja hukitumia kubeba kile ambacho hadithi haina nafasi ya kukieleza: mahali, mwaka, kazi ya mhusika. Kichwa kama "Maisha" au "Machozi ya Moyo" kimepoteza nafasi ya bure.

Sasa lugha, mahali ambapo majaji huonea watu zaidi bila kujua. Gawa mambo matatu. Kuna makosa ya chapa na tahajia, kama herufi iliyoruka au "apa" badala ya "hapa". Haya yaguse alama kidogo tu, isipokuwa yakimzuia msomaji kuelewa. Kuna upatanisho wa ngeli: "kitabu yangu" kwenye kinywa cha mhusika wa mtaani Nairobi au Goma ni usanii, lakini kwenye sauti ya msimulizi anayetumia Kiswahili sanifu kwingine kote ni kosa. Na kuna tofauti za mahali, ambazo si makosa hata kidogo. "Niko na njaa" na "nina njaa", matatu na daladala, neno la Kimvita au la Kipemba lililokaa mahali pake: jaji asiyelijua alitafute kwanza, na asipolipata kwenye kamusi amwachie mwandishi. Msimulizi mzima wa Sheng au wa Kiswahili cha Kongo naye anaruhusiwa, mradi masharti hayakudai sanifu. Kiswahili kigumu cha kamusi, kwa upande mwingine, hakiongezi alama. Maneno adimu matano kwenye aya moja mara nyingi huficha kwamba hakuna kilichotokea.

Kichocheo cha shindano, iwe ni neno, picha au sentensi ya kuanzia, kipewe uzito mdogo. Angalia tu kama hadithi ingeweza kuishi bila hicho kichocheo. Ikiwa "taa ya kandili" imetajwa mstari wa tisa na kusahaulika, mwandishi ameleta hadithi yake ya zamani kabatini. Si kosa la kumtoa, lakini aliyejenga hadithi juu ya kandili hiyo amefanya kazi zaidi.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa alama 100: ukamilifu wa hadithi 35, mhusika na tukio 25, lugha 20, mwisho 10, kichwa na kichocheo 10. Mwisho una alama zake ndogo kwa sababu tayari umehesabiwa sehemu kubwa ndani ya ukamilifu.

Kutoka alama hadi nafasi

Usijumlishe alama za majaji. Hili ndilo kosa la hesabu linalorudiwa zaidi, na hapa pana mfano wake. Hadithi tatu (namba 47, 12 na 83), majaji watatu:

Jaji wa kwanza: 47 alama 82, 12 alama 80, 83 alama 79.
Jaji wa pili: 47 alama 78, 12 alama 76, 83 alama 75.
Jaji wa tatu: 47 alama 40, 12 alama 60, 83 alama 88.

Ukijumlisha, 83 inashinda kwa 242, ikifuatwa na 12 yenye 216 na 47 yenye 200. Lakini majaji wawili kati ya watatu waliiweka 83 mwisho! Jaji wa tatu ameamua shindano peke yake, kwa sababu tu anapenda kutawanya alama zake huku wenzake wakizibana.

Badili alama kuwa nafasi: ya kwanza pointi 3, ya pili 2, ya tatu 1. Sasa 47 ina 7, 12 ina 6, 83 ina 5, na kila jaji amekuwa na nguvu sawa. Njia hii huitwa kwa jina la Jean-Charles de Borda, Mfaransa wa karne ya 18 aliyeipendekeza kwa ajili ya uchaguzi. Udhaifu wake ulijulikana tangu mapema: jaji mwenye hila anaweza kumshusha mpinzani mkali hadi chini kabisa ili kipenzi chake kipite. Ndiyo maana orodha hukabidhiwa kwa siri, kila moja ikiwa na sababu ya mstari mmoja kwa kila nafasi.

Kwa hadithi 20, kila jaji apange tano bora tu: 5, 4, 3, 2, 1, na zilizobaki sifuri. Hakuna binadamu anayeweza kueleza kwa uaminifu tofauti kati ya nafasi ya 13 na ya 14. Kwenye Google Sheets, fomula =RANK(B2,B$2:B$21) itakupa nafasi kutokana na alama za jaji mmoja; kama mpangilio wa eneo (locale) wa jedwali lako hutumia mkato kwa desimali, weka nukta mkato badala ya mkato ndani ya fomula. Alama zikigongana, mrudishie jaji achague mwenyewe, usimchagulie. Kwa jaji aliyejitoa kwenye hadithi fulani, chukua wastani wa wenzake wawili kisha uzidishe kwa tatu: 5 na 4 inakuwa 13.5.

Jumla zikifungana kileleni, angalia nani ana nafasi za kwanza nyingi zaidi. Zikifungana tena, ndipo majaji wakutane kwa simu, na sasa zile karatasi za kumbukumbu zitolewe. Hadithi iliyokumbukwa na wote watatu ndiyo hushinda. Zikilingana hata hapo, tangazeni washindi wawili. Ni shindano la kirafiki, zawadi ya vocha inagawanyika.

Kura ya washiriki

Makundi mengi hupenda kuongeza "chaguo la wasomaji". Iwe tuzo ya pembeni, isichanganywe na pointi za majaji, kwa sababu zinapima vitu viwili tofauti.

Kura ya ndani ya WhatsApp hupokea chaguo 12 tu na kwa kawaida huonyesha nani kampigia nani, na hapo urafiki unaanza kupiga kura. Telegram ina kura ya siri. Fomu ya Google ni bora zaidi: washa uchanganyaji wa mpangilio wa machaguo ili hadithi ya juu isifaidike kwa kuwa juu, na weka kikomo cha jibu moja kwa mtu, ingawa hilo litamlazimu kila mpiga kura aingie kwa akaunti ya Google.

Kila mshiriki achague tatu, kwa mpangilio, pointi 3, 2 na 1, bila kujipigia mwenyewe. Mshiriki asiyepiga kura, pointi zake za wasomaji zifutwe. Linaonekana sharti kali, lakini bila hilo anayekaa kimya anafaidika, kwa kuwa hakuwapa wapinzani wake chochote. Wapiga kura wawe wale waliokuwa kundini siku ya tangazo. Ukiruhusu kiungo kisambazwe, unapima ukubwa wa orodha ya namba za simu za mtu.

Maoni kwa kila mwandishi

Kwa aliyeshika nafasi ya kumi na saba, maoni ndiyo zawadi pekee. Andika sentensi nne hadi sita, zenye vitu vitatu: mahali mahususi palipofanya kazi, swali moja ambalo hadithi ilikuachia bila kukusudia, na badiliko moja analoweza kulifanya leo. "Hongera, kazi nzuri, endelea kukaza" haina matumizi, na "lugha ni dhaifu" ni kofi. Nukuu maneno yake: "Pale uliposema baba alikunja gazeti bila kulisoma, nilijua ameshapata habari. Aya inayofuata inanieleza jambo hilohilo, jaribu kuiondoa." Mwandishi akisoma hivyo, anajua ulisoma.

Usiandike upya sentensi zake kwa mtindo wako. Usikisie maisha yake kutokana na hadithi, hasa hadithi za ukatili, ugonjwa au ndoa. Na maoni ya majaji yapitie kwa mratibu, atoe maneno yanayofichua jaji gani kasema nini.

Siku ya matokeo

Tangazeni tatu bora tu, kuanzia ya tatu kwenda juu, kila moja na sababu mbili tatu za majaji, kisha majina yafunguliwe. Pointi kamili za wengine zibaki kwa mratibu. Anayetaka zake aombe faragha. Wekeni dirisha la saa 48 la malalamiko, yahusu hesabu, ukiukaji wa masharti au wizi. Ladha ya majaji hairudiwi. Jedwali lihifadhiwe mpaka dirisha lifungwe, pamoja na waraka wa hadithi kama ulivyopelekwa kwa majaji, kwa sababu mtu akidai "hadithi yangu ilikatwa aya ya mwisho" lazima kuwe na kitu cha kufungua. Ikibainika kweli aya ilipotea wakati wa kunakili, hadithi irudishwe kwa majaji wote watatu, waisome nzima, na nafasi zipangwe upya kabla ya zawadi kutumwa.

Kundi likiwa na desturi ya mshindi kuwa jaji wa awamu ijayo, mpeni mwongozo huu siku hiyohiyo, na mkumbusheni kwamba hatashiriki mwezi huo. Kichocheo atakachokitoa kisiwe kile ambacho tayari ana hadithi yake nusu kabatini.